Pua ya Bosi

Wiki iliyopita tulimwacha Kinyaa, mwonjaji msaidizi, mlangoni mwa chumba cha kuonjea, mkono kwenye kitasa, macho yamemtoka pima, akimtazama bosi wake akinywa maziwa yaliyooza.

Nasema yaliyooza, msomaji, si yaliyochacha. Kikombe kile Kinyaa mwenyewe alikisahau dirishani tangu juzi, jua likakipika litakavyo. Kwa macho maziwa yalikuwa meupe pee, mazito kidogo, ungedhani mtindi. Lakini harufu! Panya aliyekufa nyuma ya kabati ana nafuu. Kinyaa alikuwa amerudi kuyamwaga, tena kwa kitambaa puani.

Na Bwana Pua, mwonjaji mkuu wa kiwanda kizima cha maziwa, mzee aliyesifika kwamba anaweza kusimama getini akakwambia lori lipi limebeba maziwa ya jana, alikuwa amejikalia kitini, macho kwenye simu, anapiga funda moja baada ya jingine. Akameza. Akalamba masharubu.

"Leo mtindi umetulia," akajisemea.

Kinyaa akaachama. Kitambaa kikamdondoka.

Bwana Pua akainua macho, akaiona sura yake. Hapa tutazame vizuri, maana Kinyaa naye alitazama vizuri. Jina hilo alibandikwa nyumbani tangu utotoni na kazini likamfuata, kwa sababu sura yake haijui kuficha. Akichukia kitu, pua inakunjamana, midomo inapinda, kidevu kinarudi ndani. Bwana Pua aliisoma ile sura, akakitazama kikombe, akairudia sura. Kisha akatema.

"Phuu! Nani kaacha uozo huu hapa? Mnataka kuniua?"

Alitema baada ya kumwona. Si kabla.

Kinyaa akakumbuka. Asubuhi zote zile! "Anza wewe, binti," mzee humwambia. Binti anaonja, mzee anamkodolea macho. Ndipo naye anapiga funda lake, anafumba macho, anatikisa kichwa taratibu kama anasikiliza muziki wa mbali, anatoa hukumu. Hili safi. Hili mwaga. Wafanyakazi walidhani ni heshima, Kinyaa akadhani anafundishwa kazi. Kumbe alikuwa anasomwa.

"Mzee," akasema polepole, "wewe husikii harufu."

"Funga mlango."

"Husikii harufu wala ladha! Ndiyo maana siku hizi unajimwagia manukato mpaka watu tunapiga chafya. Mwonjaji gani anajipaka manukato?"

"Nimesema funga mlango!"

Akaufunga. Na mara tu mlango ulipobana, ule ukubwa wote ukamwisha Bwana Pua. Akajifuta mdomo kwa mkono, na mkono uleule, bado una majimaji, akamshika Kinyaa kiganja.

"Ile homa iliyonilaza," akasema, sauti imemkauka. "Ilipoondoka, iliondoka na kila kitu. Nakula chakula kama natafuna karatasi. Mke wangu mwenyewe hajui. Nistiri, binti yangu. Mimi ndiye niliyekupokea hapa hujui hata kushika kijiko cha kuonjea. Nikistaafu, kiti hiki chako. Nimeshakusemea kwa Mama Kiwanda."

Mama Kiwanda ndiye mwenye mali yote ile, matangi, malori na roho za watu waliomo. Akisema upande cheo, unapanda. Akisema nenda nyumbani, unakwenda.

Kinyaa akamtazama mzee. Chozi limening'inia kwenye masharubu, pembeni ya tone la maziwa yaliyooza. Huruma ikamwingia. Jamani, huruma hii!

"Basi, mzee. Yaishe."

Akatoka, akaenda kunawa mikono. Akanawa tena. Kile kiganja hakikutakata mpaka jioni.

*

Huruma hiyo haikufika hata saa za chakula cha mchana. Afisa utumishi alimwita ofisini kwake.

Mama huyu alikuwa na tabia ya kutafuna karanga huku akiongea, maganda yakiruka mezani, mengine yakitua juu ya mafaili ya watu. Alimwonyesha Kinyaa kiti kwa kidevu.

"Nimekuita nikupe pole. Kile kiwanda kipya cha Mama Kiwanda walikuomba uende ukawe mwonjaji mkuu wao. Bosi wako kakataa tena."

"Tena?"

"Kwani hukuambiwa? Hii si mara ya kwanza wala ya pili. Kila wakikuomba, mzee anakuja hapa anakaa kwenye kiti hichohicho. Anasema hujaiva. Ukiachwa peke yako, anasema, utawalisha watu sumu."

Kinyaa alisikia masikio yakimlia. Nimeshakusemea kwa Mama Kiwanda, mzee alisema. Kweli kamsemea!

Sasa akaelewa yote, na kuelewa huko kulikuwa na harufu mbaya kuliko kile kikombe. Bwana Pua hawezi kumwachia aondoke. Kinyaa akienda, nani atakunja uso pale mezani? Mzee amemshika kama kipofu anavyoshika fimbo, na fimbo haipandishwi cheo.

"Mama," akasema, "Bwana Pua hasikii harufu. Hasikii ladha. Leo kanywa maziwa yaliyooza mbele ya macho yangu."

Afisa utumishi akaacha kutafuna. Kinyaa akadhani amesikilizwa. Halafu yule mama akacheka mpaka punje ya karanga ikamtoka mdomoni, ikatua kwenye mkono wa shati la Kinyaa.

"Ninyi wasaidizi! Kila anayenyimwa cheo bosi wake ana kasoro. Mmoja aliniambia bosi wake mchawi. Wewe wa kwako hana pua! Bwana Pua hana pua!"

"Nakwambia kweli."

"Usimpake mtu matope, binti. Ijumaa kuna onjo kubwa, Mama Kiwanda anakuja mwenyewe, na siku hiyohiyo ataamua nani aende kiwanda kipya. Kama kazi unaijua, ionyeshe pale. Umbea usiniletee mezani."

Kinyaa akaitazama meza yenyewe, maganda, mafaili, chai iliyoota utando. Akainuka. Ile punje aliidondosha kwa kucha, nje kabisa ya mlango.

*

Nyumbani aliishi na shangazi yake, fundi cherehani, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alimkuta anapindua pindo la sketi ya mtu, pini zimejaa mdomoni, na akamsimulia yote bila kukaa.

Shangazi akatema pini moja moja kwenye kisahani.

"Kwa hiyo huyo babu anakula kwa uso wako."

"Shangazi, nitamfanyaje? Nikisema naitwa mmbea. Nikinyamaza nitazeekea palepale, nakunja uso mwenzangu anasifiwa."

"Mnyime uso."

"Nini?"

"Ijumaa si mnaonja mbele za watu? Mnyime uso. Kizuri ukimeze ukitabasamu, kibaya ukimeze ukitabasamu. Tuone hiyo pua itashika wapi."

Kinyaa akakaa. Onjo la mwaka lina taratibu zake, na hapa nazieleza mara moja tu ili twende pamoja. Mezani huwekwa majagi matano. Manne yamechotwa kwenye matangi ya asubuhi hiyohiyo, tayari kwenda kwa wateja. Moja ni mtego, ambao maabara wameuchachusha makusudi, na waonjaji wanatakiwa waugundue. Msaidizi anaonja kwanza, mkuu anafuata. Kilicho kizuri humezwa na kibaya hutemwa kwenye beseni. Na Bwana Pua hajawahi kukosa mtego hata mwaka mmoja, hata baada ya ile homa, kwa sababu ambayo sasa mimi na wewe tunaijua.

"Shangazi, mimi sura hii siiwezi. Wewe ndiye uliyenipa hilo jina."

"Nilikupa mimi, na mimi nitakuvua. Simama hapo mbele ya kioo."

Basi ikawa kazi. Shangazi alianza na siki. Kinyaa akakunja uso, akapigwa kofi la begani. "Rudia!" Akaleta maji ya sabuni. Akaleta maji aliyolowekea sponji la vyombo usiku kucha, kijivu, na kipande cha kitunguu kinaelea.

"Hayo sinywi!"

"Thubutu! Unataka cheo au hutaki?"

"Nataka!"

"Meza. Tabasamu. Macho usiyabane, wewe, unanitazama kama mbuzi anayekwenda machinjioni. Tabasamu la mtu aliyeona mgeni anayempenda."

Kinyaa alimeza, akakimbilia sinki, akarudi, akameza tena. Kila jioni wiki hiyo ilikuwa hivyo. Koo lilimwuma, chakula kilimshinda, lakini Alhamisi alisimama mbele ya kioo na maji ya sponji mdomoni, na sura iliyomtazama kutoka kwenye kioo ilikuwa tulivu na ya kupendeza kabisa. Yeye mwenyewe aliichukia.

Shangazi akapiga makofi. "Mwongo mzuri wewe!"

*

Ijumaa ukumbi wa kiwanda ulijaa. Mstari wa mbele alikaa Mama Kiwanda, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo ambayo watu huinama kuisikia. Pembeni yake walikaa wateja wakubwa, wapishi wa mahospitali na wasimamizi wa shule, kila mmoja na kalamu ya bure ya kampuni. Dirishani alisimama msimamizi wa mizigo. Nje uani malori yalishapakiwa pakiti, madereva ndani, kila kitu kinangojea waonjaji waseme neno. Hiyo ndiyo desturi ya siku ile: neno likitoka, mkono wa msimamizi unapanda, geti linafunguliwa, na wateja wanaona kwa macho yao jinsi kampuni isivyochelewesha.

Bwana Pua aliingia amevaa koti jeupe, manukato yakimtangulia.

"Anza wewe, binti," akasema, kwa ule upole wake wa kila siku. Akasogea upande, pale anapopata kumwona vizuri.

Jagi la kwanza. Kinyaa akamimina kwenye vikombe viwili, akaonja. Maziwa mazuri, matamu. Akameza, akatabasamu. Bwana Pua akaonja, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Safi!"

Jagi la pili.

Yalipogusa ulimi tu, Kinyaa alijua. Loo, yalikuwa mabaya! Uchachu ungekuwa afadhali. Hiki kilikuwa kitu kichungu, chenye ute, chenye harufu ya choo kilichozibwa na chuma kilicholala majini. Machozi yakaanza kupanda. Wazo moja likampitia haraka: Dada Maabara, anayeandaa mtego kila mwaka, hajawahi kutega kwa kitu kikali namna hii, yeye huchachusha kidogo tu, kwa kuvizia. Lakini mzee alikuwa ameshamkodolea macho, na wazo halikupata pa kukaa. Mtego ndio huu, akajiambia. Meza.

Akameza. Ule ute ukashuka polepole, ukang'ang'ania njiani, ukashuka. Kinyaa akatabasamu kama mtu aliyeona mgeni anayempenda.

Bwana Pua akanywa chake chote.

"Safi kabisa!" akasema, akalamba masharubu.

Kinyaa alitaka kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Amekwisha huyu! Majagi yaliyobaki aliyapitia kama mtu anayeota. Ulimi umekufa ganzi, pua imejaa harufu ileile ya pili, yeye anamimina, anameza, anatabasamu, hata ungempa maji ya betri angeyashukuru. Macho yake yote yalikuwa kwa mzee. Na mzee alikuwa anatota. La tatu, tabasamu. La nne, tabasamu. Kijasho kikamtoka kwenye kipaji, kikapita pembeni ya pua ile maarufu. La tano, tabasamu. Akamgeukia Kinyaa kwa jicho la kuomba. Kinyaa akamwongezea tabasamu.

Mama Kiwanda akauliza kwa sauti yake ndogo, "Haya, Bwana Pua. Mtego uko wapi?"

Mtu akakohoa.

Na hapo, wasomaji, yule mzee alifanya jambo ambalo mpaka leo sijui nimchukie au nimvulie kofia. Alinyoosha mgongo, akacheka.

"Mama, mwaka huu umetupima kwa njia mpya. Mtego haupo! Ulitaka kuona kama nitasingizia maziwa mazuri kwa woga. Sisingizii. Majagi yote matano ni safi!"

Ukumbi ukalipuka makofi. Wateja wakatazamana, wakitikisa vichwa kwa mshangao. Dirishani msimamizi wa mizigo, aliyekuwa anangojea neno, alilisikia neno. Mkono ukapanda. Nje injini zikanguruma, geti likalia kwa kutu yake, malori yakatoka moja moja.

Kinyaa aliyasikia. Hayakumhusu. Alingoja makofi yatulie, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mama Kiwanda. Jagi la pili limeoza."

Ungesikia pini ya shangazi ikianguka.

"Limeoza?" Mama Kiwanda akauliza. "Nilikuona umelimeza. Nilikuona umecheka."

"Nilifanya makusudi, Mama. Bwana Pua hasikii harufu wala ladha tangu alipougua. Kila siku anaonja, halafu anatazama uso wangu, anasema ninachosema mimi bila mimi kufungua mdomo. Leo nimemnyima uso. Kanywa uozo, kasema safi. Ndiye anayekuambia kila mara mimi sijaiva."

Bwana Pua akaegemea meza. Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Lo, msomaji, ile raha aliyoisikia Kinyaa! Kila funda la maji ya sponji lilikuwa limelipwa.

Raha hiyo ilidumu muda aliouchukua Dada Maabara kusimama.

"Mama," akasema, akikunja kunja pindo la koti lake, "makofi yalinifunga mdomo. Mtego nimeuweka jagi la tano."

"La ngapi?"

"La tano. La pili si mtego."

Vicheko vikafumuka ukumbi mzima. Bwana Pua alifufuka pale pale.

"Mmemsikia? Mmemsikia binti mwenyewe? Mtego uko la tano, kaumeza, kautabasamia, halafu kaja kunivua nguo mbele za watu! Nilisema mimi, huyu bado mbichi!"

Uso wa Kinyaa ukawaka moto. La tano? Alijaribu kukumbuka la tano lilikuwa na ladha gani, hakukuta kitu. Hakuwa ameonja. Alikuwa anamtazama mzee. Kosa lile lile la mzee, kutazama uso wa mtu badala ya kuonja maziwa, yeye kalifanya mbele ya kadamnasi. Alijisikia vibaya hadi kwenye nyayo.

Halafu kitu kingine kikamwingia, baridi, polepole.

"Dada," akamwambia yule wa maabara. "La pili limetoka wapi?"

"Tangi kubwa."

"Tangi kubwa la leo?"

"La leo asubuhi. Ndilo lililojaza pakiti za malori yote."

Kinyaa akageuka kulitazama dirisha. Uani palikuwa patupu, na geti lilikuwa wazi.

Mama Kiwanda aliinuka, akaenda mezani, akamimina jagi la pili kwenye kikombe, akanywa. Na sura ya yule mama, ambayo haijawahi kumwambia mtu lolote, ilikunjamana pua, ikapinda midomo, ikarudi kidevu. Akatema, lakini hakufika kwenye beseni. Yalimwagika kwenye kitambaa cheupe cha meza na kwenye viatu vya mpishi wa hospitali.

"Piga simu madereva," akasema.

Msimamizi wa mizigo hakusogea. Akatazama getini.

"Piga!"

"Mama, simu za madereva tunazikusanya getini. Uliagiza mwenyewe, baada ya ile ajali ya dereva aliyekuwa kwenye simu."

Mtu akapiga hata hivyo. Kutoka kibanda cha mlinzi, mbali kule, wakasikia simu zikiimba ndani ya droo.

Mama Kiwanda akawageukia waonjaji wake wawili. Hakupandisha sauti, na watu wakainama kumsikia.

"Huyu hakujua," akasema akimwonyesha Bwana Pua. Kidole kikahamia kwa Kinyaa. "Wewe ulijua. Ulikuwa nayo mdomoni, ukanichekea." Akajifuta ulimi kwa leso. "Shule ya kwanza iko hapo karibu. Nendeni ninyi wawili, malori mengine tutayafuata sisi. Na asirudi hapa aliyechelewa."

*

Gari lililokuwa karibu ni la Bwana Pua. Ndani mlinuka manukato, soksi na kitu kilichosahauliwa chini ya kiti siku nyingi, na mwenye gari hakujua hata kimoja. Kinyaa akashusha kioo.

Walikuwa hawajamaliza hata kona ya kwanza mzee alipopunguza mwendo.

"Kimbiza gari!" Kinyaa akapiga kelele.

"Tuelewane kwanza." Mzee alitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, mtulivu kama anapanga bei sokoni. "Tukirudi, utasema uliniambia ni safi. Utasema kwa mdomo wako, mbele yao wote. Mimi niliamini msaidizi wangu, basi. Mambo ya pua yangu yaishie humu ndani."

"Watoto wanakunywa yale maziwa, mzee!"

"Ndiyo maana nasema usichelewe kujibu."

Gari lilikuwa linatambaa sasa. Baiskeli ikawapita. Kinyaa alimtazama mtu huyu, masharubu yenye ukoko mweupe, jicho lililokauka, na hakujua kama anachukia zaidi sharti lile au ule ukweli kwamba neno alilotaka aliseme halikuwa uongo mtupu. Alimwambia ni safi. Alimwambia kwa uso.

Akafungua mdomo amjibu, na jagi la pili likapanda. Lilipanda lote, na maji ya sponji ya wiki nzima nyuma yake, likatua kwenye dashibodi, kwenye gia, kwenye koti jeupe na suruali ya mzee. Bwana Pua akatazama mapajani. Akapitisha kidole. Hakusikia kitu, ila rangi aliiona, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sura yake yeye ndiyo iliyokunjamana.

"Endesha," Kinyaa akasema, akijifuta kwa mkono wa shati. "Nitasema chochote unachotaka. Endesha!"

Akakanyaga mafuta, lakini foleni iliyoziba barabara iliwala nusu saa.

Walilikuta lori limeegeshwa mbele ya shule, milango ya nyuma wazi, dereva amelala usingizi. Kinyaa aliruka gari halijasimama. Makreti yalikuwa matupu. Uwanjani pakiti nyeupe zilitapakaa kila mahali, zimekamuliwa mpaka tone la mwisho.

Mwalimu mkuu akatoka akitabasamu, mikono mbele kuwapokea.

"Karibuni, karibuni! Hivi huyu si Bwana Pua mwenyewe?" Akamshika mzee mkono kwa mikono miwili. "Hawa watoto wangu wana deko, nakwambia. Leo walikataa kunywa. Eti yananuka! Nikawaambia, kiwanda kile kuna mzee ambaye pua yake haikosei, yeye keshaonja, ninyi ni nani? Nikasimama juu ya kichwa cha kila mmoja, mzee, mpaka wakamaliza."

Nyuma yake mlango wa darasa la kwanza ulifunguka, na mtoto mmoja akatoka, amejikunja, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.